Kasuku, Kobe na Ghala la Mtama

Paukwa? Pakawa! Palikuwa na kijiji cha wanyama kilichotegemea ghala moja la mtama. Kutwa nzima habari zilimiminika mlangoni: gunia limeingia, debe limetoka, kibali kimeletwa. Baraza likamteua Kasuku azihifadhi, kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri na hakuhitaji karatasi. "Yote yamo kichwani, wazee wangu," alisema, wakampigia makofi. Aliyechelewa kufika alisimuliwa tena habari zote tangu alfajiri, neno kwa neno.

Kobe aliomba daftari. Wakamcheka: "Na uzito wako huo? Gunia la kumi litaingia hujamaliza kuandika la kwanza." Kobe akajinunulia daftari, akaketi kando ya mlango. Hakurudi nyuma kutafuta nafasi, wala hakufuta. Kila habari aliiongeza chini ya iliyotangulia, akaipa namba na saa yake; na kwa kuwa kalamu ilikwenda upande mmoja tu, hakuachwa nyuma. Jua likitua, alifunga daftari la siku hiyo. Kesho yake akafungua jingine. Alichokihofia ni wino mbichi, maana mvua ikiuwahi, mistari ya mwisho hupotea. Habari nzito aliisubiri ikauke kwanza.

Mavuno yakafika. Kasuku alijaza kichwa hadi adhuhuri, kisha akaanguka kutoka tawini. Alipozinduka hakukumbuka hata jina lake. Jioni hiyohiyo ghala likakutwa limepungua.

Barazani, Fisi, mtunza ghala, alikuwa wa kwanza kumlaumu Panya. Mzee Tembo akasema, "Kobe mwanangu, tusomee." Fisi akaruka: "Daftari lile lina makosa, lichanwe!"

"Bwana Fisi," Kobe akajibu, "mstari haufutwi. Ukiwa na kosa, tunaandika mwingine chini yake wa kuusahihisha, na yote miwili husomwa."

Akasoma tangu namba 1, mfululizo, bila kupumzika. Sungura akalinganisha magunia yaliyotoka na vibali, asione pengo. Fisi akashangilia. Lakini Sungura alipokagua hesabu yake, aliona kibali cha gunia moja amekihesabia magunia sita. Akarekebisha, akasema, "Mzee Kobe, rudia." Mistari ikasomwa ileile, kwa mpangilio uleule, na sasa jibu likawa jingine: magunia matano yametolewa na Fisi bila kibali.

Mzee Tembo hakuridhika. "Mlinzi wa mlango alikuwa wapi? Soma tena, na safari hii upumzike kila mahali palipokuwa na kituo siku ile." Kobe akafuata saa zilizoandikwa. Asubuhi habari zilipishana kwa utulivu. Adhuhuri wachukuzi kumi na wawili walisemeshana na mlinzi kwa wakati mmoja, na Fisi akapita katikati yao. Baraza likamvua Fisi ufunguo na kuweka sheria: anayepokea ndiye aseme yuko tayari kupokea magunia mangapi, na anayeleta asizidishe.

Wanaoandika programu kwa Java wamekwisha kuwatambua wanyama hawa. Kasuku ni `replay()` ya RxJava isiyowekewa kikomo: hushika kila kilichopita katika kumbukumbu ya kompyuta, nayo ikijaa programu huanguka, na mtiririko wote wa data hupotea nayo. Sheria ya mlangoni imo ndani ya Java yenyewe tangu toleo la 9 la mwaka 2017, katika `Flow`, ambamo mpokeaji huomba idadi anayoiweza kwa `request`. Na daftari la Kobe lipo: Chronicle Queue, kwa mfano, huandika matukio kwenye mafaili ya diski yaliyounganishwa na kumbukumbu, kwa kuongeza mwishoni tu, kila tukio na namba yake, faili jipya kila siku. Programu ikifa, yaliyoandikwa hubaki. Umeme ukikatika ghafla, yale ambayo mfumo wa kompyuta haujayasukuma diskini yanaweza kupotea. Huo ndio wino mbichi, na anayeshughulikia fedha za watu hana ruhusa ya kuusahau.

Hitilafu mbaya kuliko zote ni ile iliyotokea mara moja, mbele ya mteja, isirudi tena unapoitafuta. Aliyehifadhi mtiririko diskini huurudisha mezani kwake: anausoma haraka apate jumla, au kwa mwendo wake wa asili aone msongamano, kisha anarekebisha msimbo na kuupitisha tena juu ya matukio yaleyale mpaka athibitishe kuwa hitilafu imekwisha. Asiyehifadhi hubaki kumlaumu Panya.

Ndugu mwandishi wa programu, andika mtiririko wako diskini kabla ya mavuno. Siku ya baraza, daftari halinunuliki.