Amplifaya ya Sokoro

Babu yetu, tunayemwita Sokoro, amekuwa mzito wa kusikia, na kwa muda mrefu nyumba nzima ilisikia kwa niaba yake. Redio yake ndogo, ile yenye tundu la flashi, ilianza kuguruma alfajiri kwa habari za Ekegusii, ikashinda na nyimbo za obokano, kile chombo cha nyuzi nane, na usiku mdogo wetu, mtahiniwa wa KCSE, akawa anakariri kemia vidole vikiwa masikioni. Hospitalini walimpima Sokoro wakasema ni uzee. Kifaa cha kusikia kipo, lakini bei tuliyotajiwa ilikuwa ya ng'ombe wa maziwa. Kumwambia apunguze sauti hakuna aliyethubutu. Mzee aliyelea watoto hapa Ogembo kwa chai na ndizi, akasomesha mpaka wa mwisho, hawezi kunyimwa obokano na watu aliowalisha.

Tulianza na hedifoni za kufunika masikio, tulizozinunua Kisii mjini. Alizivaa, akatulia, akazivua.

"Zinanong'ona," akasema, na redio ikarudi palepale.

Redio ya ukubwa ule haina nguvu ya kusukuma hedifoni kwa mtu mwenye masikio kama yake. Kaka yangu, anayesomea umeme chuoni, akaona dawa ni amplifaya ndogo ya kukaa katikati ya redio na hedifoni, akaagiza vipande vyake Luthuli, mtaa wa Nairobi unaojulikana na kila fundi wa redio. Mzigo ukaja kwa matatu. Muundo wenyewe huitwa CMoy, kwa jina la mbunifu wake Chu Moy, na mafundi wa nyumbani duniani wamekuwa wakiuunda tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu ni rahisi na hauhitaji stima ya ukutani: betri moja ya volti 9, chipu yenye miguu minane, rezista na kapasita za kuhesabika. Rezista mbili zilizo sawa huigawa betri katikati, volti 4.5 juu na 4.5 chini, na sauti huchezea hapo kati.

Kazi ilifanyika kwenye meza ya chakula, na mambo yakaanzia hapo. Mvua ya alasiri ilishuka, stima ikapotea, na kaka hakuwa mtu wa kungoja. Alichukua kipande cha waya mnene wa shaba, akakitia mpini wa mti, akakichomeka kwenye makaa ya jiko la Mama, ubavuni mwa sufuria ya ugali wa wimbi. Wazo lenyewe si baya. Mafundi wa bati walilehemu hivyo vizazi vingi kabla ya nguzo za stima kufika vijijini. Shida ni kwamba lehemu ya kawaida huyeyuka karibu nyuzi 190 tu, na makaa hayana kipimo. Shaba ikatoka nyekundu, ikagusa ubao, na kijia chembamba cha umeme kikabanduka kikajikunja. Kaka alikiunga upya kwa mguu wa rezista uliokuwa umekatwa, kazi safi ya mkono usiotetemeka, nami nilimshikia tochi ya simu. Mama ndiye aliyeuliza swali la maana.

"Hiyo inayodondoka ina nini ndani?"

"Bati, Mama. Na risasi kidogo."

Karibu asilimia 40, kusema kweli. Mama aliinua sufuria, akaenda kuumwaga ugali wote nyuma ya migomba, akarudi bila neno. Usiku ule tulikula mboga za chinsaga na ndizi za kuchemsha.

Asubuhi iliyofuata Sokoro alivaa hedifoni, kaka akafungua sauti polepole. Uso wa mzee ulichangamka, kisha ukabadilika. Akagusa sikio la kushoto. Akaligusa tena. Alizivua hedifoni akaziweka mapajani, akasema kwa sauti ya chini kwamba lile la kushoto sasa limekufa kabisa, na kwamba ni sawa, mtu huenda kidogo kidogo. Sijawahi kuona kaka akipauka vile. Alizigeuza hedifoni, ya kushoto ikaenda kulia, akamvika babu tena. Ukimya nao ukahamia kulia. Kasoro ilikuwa ubaoni, wala sikio halijafa!

Rezista husomwa kwa michirizi ya rangi. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1,000. Kahawia, nyeusi, rangi ya chungwa ni omu 10,000. Chini ya mwanga wa tochi nyekundu na chungwa ni ndugu, na kwa upande mmoja kaka alizibadilisha nafasi. Mbili hizo ndizo zinazoamua sauti ikuzwe mara ngapi: zikikaa sawasawa, mara 11, zikipishana, mara 1.1, yaani ni kama haikui. Basi sikio la kulia lilipigiwa kelele huku la kushoto likinong'onezwa. Zilipobadilishwa, mchana kweupe safari hii, Sokoro alicheka mpaka tukamwogopea kifua, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba wachezaji wa obokano walikuwa wakisaga miguu chini walipopiga, nasi hatukuwahi kumwambia kuwa kwenye flashi yake miguu inasikika.

Ubao ulihitaji nyumba. Kaka aliutia kwenye mkebe wa seti ya jiometri ya mdogo wetu bila kumwomba, naye akagundua asubuhi ya jaribio la hisabati, bikari na kipimapembe vikiwa ndani ya bakuli la sukari. Mkebe wa bati ulifaa kwa sababu ukiungwa na waya wa chini wa saketi huzuia mawimbi ya nje, ila miguu iliyo chini ya ubao iligusa bati, betri ikapata moto mpaka ikawa haishikiki. Kipande cha boksi kikawekwa katikati. Seti mpya ilinunuliwa siku hiyohiyo kwa pesa za kaka, kwa amri ya Mama.

Hata hivyo mkebe haukuzuia kila kitu, kwa maana waya wa hedifoni uko nje na hunasa mawimbi. Simu ya Mama ni kabambe ya zamani, na simu za aina hiyo hutuma mawimbi kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, mwendo ambao sikio huusikia kama mkoromo wa tit-tit-tit. Sokoro akawa anasema "Simu yaja" kabla haijaita. Mama alidhani ni bahati. Kisha akaanza kumuuliza kila mwisho wa mwezi kama pesa za M-Pesa zimekaribia, na mzee, kwa heshima zote, hujibu ama ndiyo ama bado.

Kilichobaki kilikuwa mngurumo, na ndio uliotugawa. Redio ikiwa kwenye chaja, ndani ya hedifoni kulikuwa na sauti nzito isiyokoma, ile ya stima ya ukutani inayokwenda mizunguko 50 kwa sekunde. Kaka alibadilisha kapasita za mlangoni, akatia ndogo zaidi, na sauti zote za chini ya mizunguko kama 160 zikaanza kufifia. Mngurumo ukapungua sana. Aliniita nisikilize, nikakiri kwamba ni safi.

Sokoro alisikiliza wimbo mmoja tu.

"Nyuzi nane zimebaki tano," akasema. "Nani amezikata?"

Obokano ni chombo kikubwa, kinaegemezwa chini, na utamu wake wote uko kwenye nyuzi zile nene zinazonguruma. Huwezi kuondoa uzito wa stima kwa njia hiyo bila kuondoa na wake. Kaka alibisha kidogo, akachora grafu, kisha akazirudisha kapasita za kwanza. Naamini aliamua vyema kabisa. Kuliko kuupunguza muziki wa mzee, tulibadilisha desturi za nyumba: redio huchajiwa usiku amelala, chaja haigusi tundu mchana, kabambe hukaa kabatini, na mdogo wetu anasoma kemia kwa mikono miwili.

Sasa rafiki yake Sokoro wa huko Kenyenya amekuja, amevaa hedifoni, amekataa kuzivua, na ameagiza ya kwake. Mama amekubali, kwa masharti. Kazi ifanyiwe kwenye kibaraza, mchana, na stima ikiwapo; shaba isiguse jiko lake; mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula; na mkebe wautafute kwingine, kwa kuwa mtihani wa taifa bado haujafanywa.