Mbuzi wa Mkesha: Furaha na Misiba ya Krismasi ya Kilimanjaro

Katika kaya nyingi za Kikristo za mkoa wa Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania, sherehe ya tarehe 25 Desemba haihesabiwi kuwa imefana mpaka mbuzi awe amechinjwa, na ubora wa sikukuu hupimwa kwa unene wa mnyama huyo, wingi wa pombe ya mbege na idadi ya ndugu waliofaulu kupata siti za basi kutoka Dar es Salaam. Wapishi wana mengi ya kusema kuhusu mbuzi huyu kuanzia pale kisu kinapopita shingoni. Kinachochunguzwa hapa ni wiki mbili tatu zinazotangulia kisu, kwa sababu katika muda huo mfupi mnyama aliyenunuliwa kwa ajili ya nyama hugeuka kuwa mwanafamilia bila ya mtu mzima yeyote kutoa idhini, na matokeo yake ni mkesha wenye vicheko jikoni na vilio nyuma ya zizi.

Chanzo cha tatizo ni kalenda. Shule za Tanzania hufungwa mwanzoni mwa Desemba, ilhali waajiri wa mjini hawaachilii watu wao hadi sikukuu ibishe hodi, hivyo wazazi Wachagga waishio Dar es Salaam huwatanguliza watoto kwa bibi na babu, wakiwakabidhi kwa shangazi au kwa jirani anayesafiri, huku wao wakibaki kuhangaikia fedha. Sehemu ya fedha hizo hutumwa mapema kwa simu ili babu anunue mbuzi kabla bei haijapanda, kwa maana kila mwenye mbuzi mlimani anaijua tarehe, na kadiri sikukuu inavyokaribia ndivyo mbuzi yuleyule, bila kuongezeka hata ratili moja, anavyozidi kuwa na thamani. Uamuzi huo, ambao kiuchumi hauna doa, una dosari moja ambayo babu haioni hata akionyeshwa: mbuzi na wajukuu huwasili kihambani katika juma lilelile, wote wakiwa wageni, wote wakiwa hawana rafiki.

Kihamba, kwa faida ya msomaji asiye wa mlimani, ni shamba la ukoo lililoko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, lenye migomba, mibuni na miti ya kivuli iliyopandwa pamoja, nyumba ikiwa katikati na makaburi ya wazee yakiwa hatua chache kutoka mlangoni. Kwa kuwa ardhi ni finyu na kila kipande kina mmea wake, mifugo haiachiliwi kuzurura. Hufungiwa zizini na kuletewa majani, na zamani, katika nyumba za msonge, watu na mifugo walilala chini ya paa moja. Kazi ya kukata na kubeba majani, ambayo watoto wa kijijini huiona ni adhabu, watoto wa mjini huipokea kama mchezo, kwa sababu kule walikotoka kitu pekee walichowahi kukilisha ni simu, nayo hula chaji.

Mnyama kipenzi, kwa maana inayotumika hapa, ni yule anayefugwa kwa ajili ya kukaa naye tu, bila kutarajiwa kutoa maziwa, nyama, mayai wala ulinzi. Kihambani hakuna nafasi ya kiumbe wa namna hiyo. Hata paka ana ajira, na mbwa aliyelala usiku hulaumiwa asubuhi. Babu kwa hiyo hampi mbuzi jina, humwita "huyo" tangu siku ya kununuliwa hadi siku ya kuliwa, na tahadhari hiyo ina hekima ambayo wajukuu hawajaifikia. Siku ya pili au ya tatu mbuzi huwa amekwisha kupata jina, na kwa kuwa Watanzania wengi wamegawanyika kati ya timu za soka za Simba na Yanga, si ajabu beberu wa Krismasi akaitwa Simba, jambo linalomfanya baba mdogo, shabiki wa Yanga wa kutupwa, agome kumkatia majani na kutamka mbele ya watoto kwamba mwaka huu anaisubiri sikukuu kwa hamu ya pekee. Tangu hapo kumtetea mbuzi huwa ni kuitetea timu, na ukoo mzima huingia Desemba ukiwa na kambi mbili.

Sayansi, kwa bahati mbaya, iko upande wa watoto. Mwaka 2016 watafiti wa Queen Mary University of London walionyesha kwamba mbuzi anaposhindwa kufungua kisanduku chenye chakula humtazama binadamu aliye karibu kana kwamba anaomba msaada, tabia iliyokuwa ikihusishwa zaidi na mbwa. Na mwaka 2018 utafiti mwingine, uliofanywa katika hifadhi ya mbuzi huko Kent, Uingereza, ulionyesha kwamba mbuzi wakiwekewa picha mbili za uso wa mtu mmoja, moja akitabasamu na nyingine akiwa amekasirika, huvutiwa zaidi na ile ya tabasamu. Matokeo haya yangekuwa ya kufurahisha tu kama yangeishia Kent. Yakihamishiwa Marangu, Machame au Rombo mwezi Desemba yanaeleza maafa, kwa kuwa hakuna kipindi ambacho binadamu humtabasamia mbuzi kwa dhati kuliko siku za mwisho kabla ya Krismasi: mjomba humpapasa mgongo akitabasamu, jirani humkadiria mapaja akitabasamu, na mchinjaji, aliyepita eti kusalimu tu, hutabasamu kuliko wote.

Wazazi huwasili tarehe 22 au 23, wakiwa wamechoka kiasi cha kutobakiwa na huruma ya kumgawia mnyama. Safari ya kutoka stendi ya Mbezi hadi Moshi inazidi kilomita 500, na ingawa treni ya abiria ilirudi katika njia hiyo mwaka 2019 na mabasi ya usiku yakaruhusiwa tena mwaka 2023, siti za Desemba hazijawahi kutosha. Kuna wapiga debe, yaani vijana wanaonadi safari kwa sauti kubwa na kwa nauli wanazozitunga papo hapo. Kuna abiria anayeuziwa siti akakuta ni ndoo iliyofudikizwa katikati ya njia. Na kuna vituo vya kuchimba dawa, msemo wa staha wa abiria kushuka porini kujisaidia, ambapo dereva hutoa dakika tano na mama mwenye watoto watatu huhitaji kumi na tano. Mtu aliyefika nyumbani kwa njia hiyo hutua mizigo barazani na kuingia ndani kusalimu wazee, na hapo ndipo hutokea ajali kubwa ya kwanza ya sikukuu.

Mizigo ile ina nguo za Krismasi: gauni la kung'aa lililonunuliwa Kariakoo, na viatu vilivyozidi mguu wa mtoto kwa namba mbili ili vifike Krismasi ijayo. Mbuzi huchunguza ulimwengu kwa midomo, kama ilivyo desturi ya mnyama aliyeumbwa kuchagua jani moja moja vichakani, na mbuzi aliyefunguliwa kamba na watoto ili naye aje kuwapokea wageni hana budi kulichunguza gauni. Mkono mmoja wa gauni ukishatoweka, na kipande cha ushahidi kikiwa bado kinaning'inia mdomoni mwa mtuhumiwa, mama wa mtoto, ambaye mpaka hapo ndiye mtu mzima pekee aliyesitasita kumla mnyama mwenye jina, huhamia upande wa mashtaka na harudi tena.

Watoto hubakiwa na njia mbili. Ya kwanza, kumficha mbuzi, hushindwa kwa sababu inayoeleweka: mbuzi ni mnyama wa kundi, akiachwa peke yake hulia, na hulia zaidi pale watu aliowazoea wanapomwacha mafichoni na kwenda kukaa sebuleni ili wasishukiwe. Wapo waliowahi kufikiria kumpeleka kwenye pango la Krismasi kanisani, wakiamini kwamba mahali hapo hakuna atakayethubutu kumgusa. Ni kweli kwamba tangu Mtakatifu Francis wa Assisi alipoandaa hori lenye ng'ombe na punda wa kweli huko Greccio, Italia, mwaka 1223, wanyama wamekuwa na heshima yao katika pango, ingawa Injili ya Luka haimtaji ng'ombe wala punda kando ya hori. Lakini heshima hiyo ni ya ng'ombe, punda na kondoo. Mbuzi hakualikwa, na aliyeisoma sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, ambamo mbuzi husimamishwa mkono wa kushoto, hatashangaa mzee wa kanisa akimtoa nje kwa fimbo.

Njia ya pili ina adabu zaidi, na ndiyo inayowapa wazee kazi. Isale, au masale kwa wingi, ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba na makaburini, na katika mila za Kichagga jani lake ni alama ya amani na msamaha: mkosaji anayemwendea aliyemkosea akiwa na jani hilo huwa amemfunga mikono, kwa kuwa kulikataa ni aibu kubwa. Bibi, ambaye hana mazoea ya kupima madhara ya hadithi zake, huwa amewasimulia wajukuu haya yote jioni za mwanzoni mwa Desemba. Basi alfajiri ya tarehe 24 mjukuu wa miaka saba humwendea babu mbele ya mashemeji, akiwa ameshika isale kwa mikono miwili, na kumwombea Simba msamaha.

Hali ya babu wakati huo inastahili kutazamwa kwa makini. Akilikataa jani, atakuwa amevunja mila mbele ya watu waliokaa juu ya ndoo usiku kucha kuja kuitukuza mila hiyohiyo. Akilikubali, mbege, yaani pombe ya ndizi mbivu na ulezi ambayo huandaliwa kwa siku kadhaa na ikishaiva haimsubiri mtu, itateremshwa kwa maharage. Baraza la dharura huketi kando ya zizi, mbuzi mwenyewe akiwa ndiye msikilizaji makini kuliko wote. Hukumu inayotoka hapo wanasheria wa mjini wangejivunia: jani la isale huombea msamaha wa kosa; kosa la mbuzi linajulikana, nalo ni mkono wa gauni; kosa hilo limesamehewa kabisa, na mtu yeyote asilitaje tena. Kwa hiyo mbuzi atachinjwa akiwa hana hatia. Mjukuu huwarudia wenzake na habari njema, na kambi yao hushangilia karibu saa nzima kabla ya binamu mmoja mwenye akili za darasa la sita kuuliza kwa nini basi visu vinanolewa.

Yanayofuata hayahitaji maelezo marefu. Nyama hugawanywa kwa kufuata undugu, kila kiungo kikiwa na mwenyewe anayejulikana, na damu huingia katika kisusio, supu ambayo wanaume huinywa kwa kelele; mgawanyo huo haumtambui aliyekata majani kwa wiki tatu. Watu wazima wenye huruma huanza kudanganya, na kwa kuwa hawakukubaliana kabla, mmoja husema Simba amepelekwa Arusha kutibiwa, wa pili husema amerudi kwa mama yake, na wa tatu husema amepata mchumba Rombo. Uongo wote huo huvunjwa na mbwa wa nyumbani, aliyekuwa rafiki wa karibu wa marehemu, anapokatiza uwanjani mbele ya watoto akiwa na kwato mdomoni na furaha isiyofichika. Ikiwa kuna kiumbe ambaye Krismasi yake haina kasoro, ni huyu.

Kesho yake kanisani huonekana mtoto mwenye macho mekundu, gauni la mkono mmoja na viatu vinavyobaki nyuma kila anapopiga hatua. Ibada ni ndefu, kwaya zote zimejiandaa kwa miezi na hakuna inayokubali kukatizwa, kisha hufuata mnada wa sadaka, yaani kuuzwa kwa ndizi, mayai na kuku walioletwa na waumini, ambapo baba kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa anatazamwa na aliosoma nao, hununua mkungu mmoja wa ndizi kwa bei ya mikungu mitatu, na hali nyumbani kwao ndizi zinamwangukia babu kichwani. Mezani mtoto hutangaza kwamba hatakula nyama maisha yake yote. Kiapo hicho hakihusishi mtori, kwa sababu ndani ya mtori nyama imepondeka pamoja na ndizi na haina uso, na ifikapo tarehe 26, ambayo nayo ni sikukuu ya taifa, huwa kimepunguzwa hadi kubaki kwa upande wa maini peke yake. Watu humcheka, ila mwenye macho huona pia kwamba baba mdogo, yule shabiki wa Yanga, amelirudisha fungu lake sahanini bila kuligusa, na alipoulizwa alisingizia jino.

Bibi ndiye anayelipa fidia. Siku ya kuondoka mjukuu hukabidhiwa jogoo mdogo ndani ya boksi lenye matundu, kwa makubaliano ya wazi kwamba huyu haliwi, na baba, ambaye anawaza ada za Januari, hukubali bila kusikiliza. Kondakta humtoza jogoo nauli ya mzigo. Jogoo, kwa kujibu, huwika Segera saa tisa usiku na kuliamsha basi zima. Dar es Salaam hufikia katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na choo kimoja, huwika kila alfajiri kabla ya muadhini, na hupewa jina siku hiyohiyo, baba akiwa amepiga marufuku majina yote ya timu. Wapangaji hunung'unika mpaka mwenye nyumba anakuja mwenyewe, daftari la kodi mkononi, huinama, humtazama jogoo kwa kitambo, hutabasamu, na kumuuliza mtoto kwa upole kama anajua mwaka huu Pasaka itaangukia mwezi gani.