Injini Ilishuka Kabla Yangu

Mpaka ninapoandika haya, kanzu yangu imo ndani ya beseni la sabuni na doa limegoma kutoka. Doa lenyewe ni la oili ya mipigo miwili, na limekaa mahali ambapo mtu mzima hapendi kutazamwa.

Ilikuwa Ijumaa, saa saba na kitu mchana, watu ndio kwanza wanatoka msikitini, Ngamiani imejaa kofia na marashi. Nami nakatiza Barabara ya 12 juu ya baiskeli yangu, Phoenix nyeusi ya inchi 28 niliyoitia injini, nikiitikia salamu kwa kichwa maana mikono ilikuwa na kazi. Injini ikashuka.

Sisemi ilizimika. Ilishuka, tena ikinguruma. Stadi za nyuma zilikatika, za mbele zikafuata, injini ikaachana na fremu na kubaki inaning'inia kwa cheni na kwa waya wa eksileta. Sasa, waya wa eksileta ukivutwa, mafuta yanafunguka. Uzito wa injini ukauvuta waya, mafuta yakafunguka, na kadiri ilivyozidi kuanguka ndivyo ilivyozidi kupiga kelele. Eksozi nayo ikageukia juu, moshi wote ukaingia ndani ya kanzu na kutokea shingoni. "Jamani, mzee anaungua kwa ndani!" alipiga kelele mtoto mmoja, na mpaka hapo hakuwa amekosea sana. Klachi ilikuwa bado imeshika, kwa hiyo injini ikaanza kujivuta kwa cheni yake yenyewe kuelekea gurudumu la nyuma, ikalifikia, ikajitia kwenye spoku. Ting, ting, ting. Halafu kimya.

Ningeomba kelele iendelee. Katika kile kimya kila mtu alipata nafasi ya kunitazama vizuri: nimesimama wima, baiskeli katikati ya miguu, kanzu inafuka moshi, na chini yangu kipande cha aluminiamu kinadondosha mafuta. Watu wa Tanga wana adabu. Walisubiri kwanza wahakikishe sijaumia. Kisha bibi anayeuza vitumbua pale pembeni akasema, kwa sauti ya huruma kabisa, "Mwanangu, abiria wako kashuka bila kulipa."

Hapo mtaa mzima ukaachia.

Silinda ya injini iliyotoka kufanya kazi haishikiki. Nilijaribu, nikaiachia, wakacheka upya. Ikabidi nivue kofia yangu ya kiua, kazi ya mkono ya shemeji yangu, niifanye kishikio. Nikaibeba injini kwa kofia, mkono wa pili nakokota baiskeli ambayo gurudumu la nyuma halizunguki, kichwa wazi, hadi nyumbani. Mji huu kila mtu ana baiskeli, kwa hiyo kila mtu ni fundi. Njia nzima nilipewa ushauri wa bure.

Ushauri wenyewe ulikuwa mmoja: "Hukukaza." Hilo ndilo lililoniuma kuliko spoku. Tulikaza, ndugu zangu. Fundi alikaza mpaka spana ikalia.

Injini hizi hutoka China zikiwa ndani ya boksi na kila kitu chake: tangi, kabureta, cheni, sproketi. Injini yenyewe imekusudiwa ikae kwenye ile pembe ya fremu ambapo bomba la kiti hukutana na bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani. Nyuma ina taya inayokumbatia bomba la kiti, mbele ina taya nyingine inayokumbatia bomba la chini, na kila taya hubanwa kwa stadi mbili, yaani vile vyuma vyenye nyuzi visivyo na kichwa. Stadi nne, kila moja unene wa milimita 6. Ndizo zilizobeba heshima yangu.

Ndani ya silinda kuna pistoni moja tu. Inapanda, inasimama, inashuka, inasimama. Kila inapogeuka inaipiga injini nzima teke, na kwa kuwa hakuna pistoni ya pili ya kupiga upande wa pili, teke linaishia kwenye fremu. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya mara 80 kwa sekunde. Tamka bismillahi taratibu. Kabla hujamaliza, pistoni imekwisha kupanda na kushuka kama mara mia.

Na nati je? Tunadhani nati hushika kwa sababu imekazwa kwa nguvu. La. Nati hushika kwa sababu stadi yake imevutika. Unapokaza, stadi hurefuka kidogo sana, jicho haliwezi kuona, na kwa kutaka kurudi kwenye urefu wake inabana kila kilicho katikati. Ule mvutano ndio kazi yote. Spana ni njia tu ya kuufikia. Mhandisi mmoja Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha mwaka 1969 kwamba adui mkubwa wa nati ni mtikisiko wa kando. Vitu viwili vilivyobanwa vikiteleza hata unywele mmoja kulia na kushoto, msuguano kwenye nyuzi unapotea kwa kitambo kidogo, na katika kitambo hicho nati inajifungua yenyewe kidogo. Kidogo, mara 80 kwa sekunde. Zile washa za springi tunazoziamini tangu enzi za babu zetu hazisaidii kitu hapo, na mimi nilikuwa nimezipanga mbili mbili. Nati za mashine hii zina tabia ya wageni wa mji wetu: waja leo, waondoka leo.

Sasa mlete fundi wangu. Ni kijana mwenye mikono ya dhahabu na masikio ya mapambo. Bomba la chini la Phoenix halikulingana na taya ya mbele, pakabaki mwanya. Kazi ya mwanya ule ilikuwa kuchonga kipande cha chuma chenye mviringo wa bomba, kwa tupa, kwa subira, mpaka chuma kikae juu ya chuma bila kucheza. Fundi akakata kipande cha tyubu kuukuu, akakizungusha kwenye bomba, akabana juu yake.

"Mzee, mpira huu utameza mtikisiko wote."

Ni kweli ulimeza. Ulimeza na ule mvutano wa stadi. Mpira ukibanwa unalegea taratibu, ukipata joto unalegea zaidi, ukilowa oili ndio umekwisha. Injini ikapata uwanja wa kucheza, na kila ilipocheza ikazikunja stadi huku na huku, mkunjo mdogo usioonekana, mpaka chuma kikachoka. Niliviokota vile vipande barabarani na bado ninavyo. Uso wa mkatiko una sehemu mbili: moja laini iliyong'aa, ambako ufa ulikuwa ukitembea polepole siku zote nilipokuwa najisifu, na nyingine ya chengachenga, iliyokatika kwa mara moja, Ijumaa hiyo. Ukiielewa ile sehemu laini huwezi tena kulala karibu na injini.

Bado hujasikia ya gurudumu. Sproketi ya nyuma, yenye meno 44, hufungwa juu ya spoku kwa bolti tisa, ikiwa katikati ya vipande vya mpira mgumu. Bolti tisa ni hesabu ya gurudumu la spoku 36: kila baada ya spoku nne, bolti moja. Baiskeli zetu hizi nyeusi zimerithi utaratibu wa Waingereza, spoku 32 mbele na 40 nyuma. Gawanya 40 kwa 9. Fundi wangu aligawanya kwa nyundo. Halafu kile chuma cha breki ya nyuma, kinachopita chini ya bomba palepale taya ya mbele inapotaka kukaa, akakiondoa kabisa. Nilipouliza akanipoza: "Injini yenyewe ni breki, mzee."

Usiku ule nilijiliwaza kwa kusoma habari za wenzangu. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler alipotia injini kwenye baiskeli ya mbao huko Ujerumani, mwanawe Paul aliipanda na kiti kikashika moto. Ndugu wawili wa Paris, akina Werner, waliiweka injini yao juu ya gurudumu la mbele mwaka 1897. Uzito ukawa juu na mbele, chombo kikawa kinateleza kwenye barabara zenye maji na kumlaza mwenyewe chini. Mwaka 1901 wakaishusha ikae chini katikati ya magurudumu mawili, na pikipiki karibu zote mnazoziona leo zimefuata palepale. Soichiro Honda naye, mwaka 1946, alichukua injini ndogo za jenereta za redio za jeshi zilizobaki baada ya vita, akazifunga kwenye baiskeli pale Hamamatsu, na tangi lake la kwanza lilikuwa chupa ya kukandia maji ya moto. Nilimsomea mke wangu habari hizi zote. Akaniuliza kama hao nao walikuwa wanatoka nazo Ijumaa.

Yaliyofuata ni madogo. Gurudumu lilisukwa upya. Eksozi ilidondoka Chumbageni, nikaiokota. Cheni ilikula mguu mmoja wa suruali, nikashona kaptura. Askari wa barabarani alinisimamisha, akauliza kama hiki ni baiskeli au pikipiki, nikamjibu inategemea siku, hakucheka.

Fundi alileta wazo jipya: tutoboe bomba la chini, tupitishe bolti moja nene ivuke upande hadi upande. Nilimnyang'anya drili. Ukuta wa bomba la baiskeli ni mwembamba, haufiki milimita mbili, na ukilitoboa mahali penye mtikisiko umeuchorea ufa ramani. Safari ijayo ingeshuka fremu.

Basi nikaenda dukani. Hapa kicheko changu kinaniishia.

Boksi limeandikwa cc 80. Nilifungua silinda nikapima: kipenyo milimita 47, mwendo wa pistoni milimita 38. Piga hesabu, unapata cc 66. Hizo 14 zilizobaki ziko kwenye karatasi ya boksi tu, na nilizilipia. Hilo ningelisamehe. Lakini bolti yenye nguvu inayojulikana hupigwa chapa kichwani. Ile ya 8.8 maana yake inahimili mvutano wa megapaskali 800 kabla ya kukatika, na asilimia 80 ya hapo kabla ya kurefuka moja kwa moja. Zilizokuja na injini yangu hazina chapa yoyote, na stadi ni zile ambazo tupa inazikwangua bila kutoka jasho. Nikamwekea muuzaji vile vipande juu ya meza. Akanionyesha kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Mtu aliyechora silinda ile, akapiga hesabu ya matundu yake ya kuingiza mafuta na kutoa moshi, akatengeneza klachi inayoingia kiganjani, hawezi kuwa hajui stadi laini. Anajua. Tofauti ya bei kati ya stadi laini na ngumu haizidi soda, na soda hiyo imehesabiwa, imeonekana ni nyingi mno kutumiwa kwa mnunuzi wa huku. Huku mnunuzi si mtu mwenye gari anayejifurahisha siku za mapumziko. Ni kijana anayechukua samaki soko la Deep Sea alfajiri, tenga limefungwa kwenye keria, breki ya nyuma imeondolewa, anapita pembeni ya malori. Stadi zake ni hizihizi. Mimi zilipokatika nilichekwa. Yeye zikikatika atazikwa, na watasema alikuwa na mwendokasi.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kununua, kabla hujatoa pesa omba stadi utazame. Nunua nyingine ngumu, na kama shimo linaruhusu kutanuliwa zitiwe za milimita 8, nati ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani. Mwanya uzibwe kwa chuma kilichotiwa tupa, kamwe si kwa tyubu. Kaza, tembea kidogo, kaza tena. Breki ya nyuma ibaki mahali pake. Na muuzaji akikwambia zilizomo ndani ya boksi zinatosha, mpe baiskeli aizungushe yeye kwanza, akiwa amevaa kanzu.