Sifa za Gurudumu Lisilogusa Barabara

Miongoni mwa taaluma zinazostawi Omurushaka, wilayani Karagwe, inakoanzia barabara ya Nkwenda na Murongo, hakuna inayostahili heshima kama ile ya kijana wa bodaboda kuinua gurudumu la mbele na kwenda kwa la nyuma pekee, ustadi unaodai klachi iachiwe ghafla huku mafuta yakivutwa na uzito wa dereva ukirudi nyuma. Wanaobeza husahau kwamba hata ndege hairuki bila kuinua pua, na kwamba majemadari huchongwa juu ya farasi walionyanyua miguu ya mbele. Breki ya mguu, ambayo ikikanyagwa kidogo hurudisha gurudumu chini kabla pikipiki haijapinduka, huachwa ipumzike, kwa kuwa bingwa amevaa kandambili. Kofia ngumu nayo hutundikwa kwenye usukani, isije ikachubuka. Faida ya kiuchumi ni dhahiri: tairi la mbele halichakai. Abiria aliyepakata mkungu wa ndizi huoneshwa mawingu ya Karagwe bila nyongeza ya nauli, na Hospitali ya Nyakahanga, kwa hekima ya waasisi wake, haikujengwa mbali.