Utangulizi wa Chumalojia Punguzi

Keti, mwanafunzi, na hiyo soda iweke chini. Usiinywe wala usiimwage, kwani itahitajika katika Kifungu cha 3 kama kielelezo.

Kifungu cha 1: Fasili

Chumalojia punguzi ni taaluma inayochunguza jinsi mwenye kitambi anavyonyanyua kitu kizito na kukirudisha palepale kilipokuwa, kwa nia ya yeye mwenyewe kuwa mwepesi. Tia mstari chini ya "palepale". Anayenyanyua mzigo na kuushusha mahali pengine ni mchukuzi, naye hulipwa. Mwanachumalojia hulipa. Wapo waliokaa jimuni mwaka mzima bila kung'amua tofauti hii, wakawa wanashangaa mwisho wa mwezi.

Kitambi chenyewe sikifasili. Kimo humu darasani.

Kifungu cha 2: Vyombo

Vyombo ni vya aina tatu, na mpangilio huu ni wangu.

(a) Chuma rasmi. Hiki ni cha mashindano: mtaimbo wa kilo 20 kwa wanaume na kilo 15 kwa wanawake, pamoja na sahani zenye rangi zake. Nyekundu ni kilo 25, ya buluu 20, ya njano 15, ya kijani 10. Sina la kuongeza. Kitu kilichokwisha kupimwa hakimpi mtafiti kazi.

(b) Chuma cha uani. Hapa ndipo elimu inapochangamka. Chukua makopo mawili ya rangi, yajaze zege, uyaunganishe kwa bomba la maji, usubiri yakauke. Uzito wa chombo hiki haujulikani na mtu yeyote, hata aliyelikoroga zege. Kopo la kwanza hujazwa kwa bidii, la pili hujazwa kwa kilichobaki. Hapo huzaliwa hali ninayoiita upogozege. Upogozege ni wa namna mbili: wa asili, ambapo zege lilipungua tangu siku ya kumwagwa, na wa kuchuma, ambapo kopo liliangushwa na upande mmoja ukamomonyoka. Anayefanya mazoezi kwa chombo chenye upogozege wa asili kwa muda mrefu, bega lake moja hufika mlangoni kabla ya mwenzake. Kuhusu upogozege wa kuchuma, fundi anaweza kuziba pengo kwa saruji, lakini kitaaluma chombo hicho kinahesabiwa kuwa kipya na kinastahili jina jipya.

(c) Ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 za maji, yaani uzito uleule wa mtaimbo rasmi wa wanaume, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mama wa Kimara anayepanda nayo kilima, ikiwa kichwani, ametimiza kipimo cha kimataifa kabla jua halijachomoza. Je, ni mwanachumalojia? Fasili inamkataa, kwa kuwa maji hayarudi palepale. Lakini si mchukuzi pia, maana hakuna anayemlipa. Suala hili lilininyima usingizi mpaka nilipomkumbuka Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, ambaye katika miaka ya 1940 aliwatibu askari waliojeruhiwa kwa kuwanyanyulisha vyuma kwa mafungu ya mara kumi kumi, akiongeza uzito kadiri misuli ilivyopata nguvu. Nguzo ya mbinu yake ni nyongeza. Ndoo haiongezeki: ilikuwa lita 20 mwaka jana, na mwaka huu ni lita 20. Hivyo nikaamua kwamba mama huyo ni mwanachumalojia aliyekwama daraja. Nilimpelekea uamuzi wangu bombani. Majibu yake hayana hadhi ya kunukuliwa katika mhadhara huu.

Kifungu cha 3: Hesabu ya soda

Sasa itazame ile chupa. Soda ya kawaida yenye sukari, mililita 300, ina kalori zaidi ya 120. Kilo moja ya mafuta mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Gawanya mwenyewe: zinakaribia chupa 60. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia takriban kalori 13 kwa siku, na kilo ya mafuta hutumia kati ya 4 na 5. Kwa hiyo yule kijana anayekuambia kwamba misuli yake mipya inamla kitambi akiwa amelala, anazungumzia kiasi cha mafunda mawili ya soda kutwa nzima.

Mwanafunzi mwepesi wa kukata tamaa atauliza: basi kwa nini tunyanyue? Swali zuri, japo limeulizwa kwa sauti ya kudai nauli irudishwe. Anayepunguza chakula bila kunyanyua chochote hapotezi mafuta peke yake. Karibu robo ya uzito unaomtoka inaweza kuwa si mafuta, na humo misuli imo. Chuma huuambia mwili kwamba misuli hiyo bado ina kazi, usiiguse. Nadharia hii nimeiita Ulinzinyama. Sahani ndiyo inayopunguza, chuma kinachunga kipungue nini. Nasema sahani ya ubwabwa. Zile za rangi tumemalizana nazo.

Kifungu cha 4: Mafuta huenda wapi

Kuna madhehebu matatu.

Wajashoni huamini kwamba mafuta hutoka kwa jasho. Utawatambua kwa majaketi ya nailoni saa saba mchana, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Wanachopoteza ni maji, nayo hurudi kwa bilauri ya kwanza. Wageuzi husema mafuta hugeuka misuli. Hayageuki, hivyo ni vitu viwili, na kila kimoja kina mambo yake.

Wapumuzi ndio wenye haki. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walionyesha kwamba kilo 10 za mafuta zikiunguzwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya kaboni dayoksaidi, na 1.6 hubaki kuwa maji. Matokeo ya jambo hili hayajazingatiwa vya kutosha. Jimu isiyo na madirisha, saa kumi na mbili jioni, imejaa vitambi vya watu wengine vikielea. Napendekeza feni.

Kifungu cha 5: Aina za wanachumalojia

5.1. Mguni. Huyu aainishwe kwa sauti. Mguno tangulizi hutolewa kabla chuma hakijaguswa. Mguno sindikizi huandamana na mnyanyuko. Mguno tangazi hutolewa baada ya chuma kutua, macho yakiwa kwa wengine. Ni wa pili tu unaohusiana na uzito.

5.2. Mjipimaji. Hupanda mizani akiingia na akitoka, kisha akimkuta kijana mwenye mizani ya barabarani Kariakoo, hupanda tena kwa kukata rufaa. Masikini huyu anaonewa na chombo. Anayeanza kunyanyua huku anapunguza mafuta anaweza kukaa wiki kadhaa na kilo zilezile huku mkanda wake ukiomba tundu jipya, kwa sababu misuli ni mizito kuliko mafuta ya ujazo uleule. Hata kipimo cha kugawanya kilo kwa mraba wa urefu, alichokibuni Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, hakiwezi kumtofautisha baunsa na mwenye bucha. Mjipimaji namwandikia futi ya fundi cherehani, ipite kiunoni: sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ndipo pa kuanza kujali. Aipime bila kuvuta tumbo ndani. Uvutatumbo ni udanganyifu wa kitaaluma na adhabu yake ni kurudia mwaka.

5.3. Mkwepamiguu. Kifua na mikono tu. Ukimtazama kuanzia kiunoni kwenda chini, utadhani sehemu hiyo ameazimwa.

5.4. Mwanajumatatu. Huanza kila Jumatatu, na kufikia Jumanne huwa ameanza kusubiri Jumatatu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka misuli yote mikubwa ifanyishwe kazi angalau siku mbili kwa wiki, jambo linalomtia hatiani yeye na jirani yake wa 5.3 kwa pigo moja. Mwanajumatatu hujitetea kwamba mwezi wenye Jumatatu tano unafidia. Bado sijatoa uamuzi, kwa kuwa kwanza lazima iamuliwe kama Jumatatu iliyoangukia sikukuu ni Jumatatu kamili au nusu, na kamati inayoshughulikia hilo, ambayo ni mimi, hukutana Jumatatu.