Inalia Nikipanda Mimi Tu

Mimi injini siijui. Najua pa kutia petroli na pa kukalisha kastoma, hapo katikati anajua Mungu. Sasa nduthi, pikipiki yangu, imeanza kulia. Tik tik tik tik. Na si kila wakati, bana, hapo ndipo shida ilipo. Nikiwa peke yangu, kimya. Nikibeba kijana mwembamba wa yunivasiti, kimya. Apande mama wa maziwa, yule wa Madogo, jerikeni za maziwa ya ngamia huku na huku, tukivuka tu daraja la Tana na kuanza kupandisha kuingia Garissa mjini: tik tik tik tik tik.

Na mama ana masikio.

"Warya, hii kitu inahesabu nini?"

"Ni injini tu, mama."

"Mbona jana ulimbeba binti yangu na haikuhesabu?"

Jibu lipo. Lakini ukilitoa hilo jibu Madogo nzima itakusikia, na kastoma huna tena.

Nikapeleka kesi steji. Pale steji kila mtu ni daktari wa injini hadi yake izime. Mmoja akasema taiming cheni imelegea. Mwingine akauliza oili nilibadilisha lini. Nikaangalia juu, kuna ndege alikuwa anapita. Mzee wetu akacheka kwa pua. "Wewe si unanunua petroli ya chupa? Umeuziwa mafuta ya taa." Akaanza historia. Eti 2018 serikali iliongeza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya, na bado kuna wajanja. Ukichanganya, petroli inajilipukia yenyewe ndani ya silenda kabla moto wa plagi haujaifikia, injini inagonga. Hasa ikiwa na joto jingi na mzigo mzito.

Joto jingi. Hapa Garissa. Asante, mzee.

"Ukirudisha gia moja chini, inanyamaza?" akauliza.

Nitajuaje? Mimi gia nabadilisha kastoma akilalamika.

Basi nikaenda kwa fundi, chini ya mwarobaini. Akapiga kiki. Kimya. Akavuta moto, akaachia, akavuta tena. Ile nduthi ikanguruma kwa adabu, utadhani imetoka dukani asubuhi hiyo. Fundi akaniangalia. "Kelele iko wapi?"

"Inalianga nikibeba mtu."

"Inaliaje?"

"Tik tik tik."

"Ya haraka ama pole pole?"

"Tiktiktik."

"Kavu ama ya kugonga ndani?"

Watu wazima wamekaa pale na vikombe vya shaah, na mimi baba wa watoto nimesimama katikati natoa milio kwa mdomo. Tok tok. Hapana, tek tek. Mtoto mmoja akaomba nirudie ile ya kwanza. Mbuzi aliyekuwa anatafuna karatasi aliacha.

Fundi akanipa bisibisi. Ncha kwenye injini, mpini kwenye sikio, eti utasikia ugonjwa uko wapi. Nikainama. Sikusikia ugonjwa wowote, lakini goti liligusa egzosi na mtaa wote ukanisikia mimi.

Akasema tuangalie tapeti. Haya, fungua. Akasema hapana, tapeti hupimwa injini ikiwa baridi. Nikamuuliza mji huu kitu hupoa saa ngapi. Akasema niilaze hapo, nirudi alfajiri baada ya swala. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikarudi kwake kwa miguu. Akafungua, akapitisha kile kibati chembamba cha kupimia. Tapeti ziko sawa.

"Si uzikaze tu kidogo ndiyo inyamaze kabisa?"

Akaweka spana chini. "Nikikaza zaidi, vavu haitafunga vizuri, itaungua. Wewe unataka kimya ama unataka nduthi?"

Nikanyamaza mimi.

Ikabaki kuipima na mzigo. Fundi anataka mlima, na Garissa ni tambarare kama chapati, mlima wetu mrefu ni bampu. Kuna kile kimwinuko cha kutoka darajani tu. Na mzigo unaoiliza ni mmoja. Nikamwita mama wa maziwa, nikamwambia tunapima kitu kidogo. "Mnapima nini?" Nikaanza kuangalia ndara zangu. Fundi, mtu asiye na haya, akajibu: "Mama, tunataka uzito."

Astaghfirullah. Alichosema baada ya hapo kilikuwa Kisomali, na sikuomba tafsiri.

Lakini alipanda. Tukapandisha kutoka darajani, gia ya juu, mwendo wa punda, fundi kwenye nduthi nyingine ubavuni amelaza kichwa karibu na goti langu. Malori yanapiga honi. Tik tik tik! "Hiyo hiyo!" fundi anapiga kelele. "Mama, usishuke! Kaa hapo hapo!" Watu wamesimama kando wanatazama.

Kumbe ni pale egzosi inaposhikana na silenda. Nati imelegea, gaskiti imeliwa, pembeni kuna weusi wa moshi. Nduthi ikiwa tupu, fundi akasema, moshi unatoka taratibu. Ukiibebesha unavuta moto mwingi, moshi unasukumwa kwa nguvu na kupenya pale kwenye mwanya, kila mlipuko na tik yake. Akauliza kama sikuwahi kuona ule weusi. Niliuona sana. Kila Ijumaa nilikuwa naufuta vizuri na kitambaa.

Gaskiti yenyewe bei yake haifiki sahani ya wali na nyama.

Sasa nduthi imenyamaza. Nilimpeleka mama hadi Soko Mugdi bila tik hata moja, akawa anacheka huko nyuma, anasalimia watu. Tulipofika akashuka, akateremsha jerikeni. Nikanyoosha mkono.

"Fundi ulimlipa?"

"Nilimlipa, mama."

"Na mzigo?"

"Mzigo gani?"

Akajinyooshea kidole kifuani. Ninambeba bure hadi Ramadhani, na jerikeni zimeongezeka.