Uzi Mwekundu kwenye Ubao wa Kukatia

Nyanya za nyumbani kwetu hapa Moshi zilitoka Lushoto, kwenye shamba la mama mkwe. Ni zile bapa, zenye mikunjo kama boga, ngozi yake nyembamba mno hata hazivumilii tenga wala lori. Ndiyo maana sokoni huzioni. Mama alinipa mbegu zake zimefundikwa kwenye pindo la kitenge, akasema, "Mwanangu, hizi hazinunuliwi. Kila mavuno rudisha mbegu."

Na zinarudishika kweli. Mbegu chotara ya dukani huzaa vizuri, lakini ukipanda mbegu za tunda lake, zinazoota hazifanani na mama yao wala zenyewe kwa zenyewe. Hizi za Lushoto zinatoka vilevile, kwa kuwa ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Kwangu huo ni urithi sawa na kiwanja.

Msimu huu tulitoka jasho. Alianza kantangaze, yule nondo wa Amerika Kusini aliyegunduliwa Tanzania mwaka 2014. Funza wake hula katikati ya jani, huku ngozi ya juu na ya chini ikibaki, halafu huhamia kwenye tunda. Kila jioni tulichuma majani yenye michirizi tukayachoma moto. Wakaja kuku wa jirani. Kisha matunda yakaanza kuoza kitako, maana maji yalikuwa ya mgawo, na udongo ukikauka na kulowa ovyo tunda hukosa kalisi.

Mche mmoja karibu na simtanki ulibaki safi. Nikachagua tunda lake bora, nikalifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo: hilo ni la mbegu, haligusi mtu. Nyumba nzima ilijua. Shemeji, mdogo wake Baba Neema, aliingia Jumamosi usiku. Yeye hakujua.

Jumapili alijitolea kutengeneza kachumbari ya pilau. "Shemeji, hii nyanya ni nyama tupu!" aliniita kutoka jikoni. Uzi mwekundu ulikuwa juu ya ubao, kando ya kisu. Yeye hupenda kachumbari kavu, kwa hiyo alikuwa amekamua maji na mbegu zote kwenye ndoo ya makombo ya kuku.

Na ndoo haikuwepo.

Tulimkuta kitinda mimba wetu mlangoni pa banda, ndoo ameshaiinamisha, jogoo ameshafika. Baba Neema aliidaka. Tukaimimina yote kwenye beseni, tukaanza kuchekecha kwa chujio la chai: maganda ya vitunguu, ukoko wa wali, na hapo katikati mbegu zenye utelezi wake, zimenatana. Shemeji alipiga magoti kwenye tope na shati la kanisani, akizitoa moja moja kwa ncha ya kijiko. Hakuna aliyekumbuka pilau.

Ule utelezi ndio huzuia mbegu kuota ndani ya tunda, kwa hiyo huachwa uchachuke siku mbili tatu mpaka ulegee. Kikombe kikaota ukungu juu, kikanuka nyumba nzima, na kila aliyetaka kukimwaga alipambana na shemeji. Tulipoosha, mapepe yakaelea na mbegu nzima zikazama. Nikazianika kivulini, kwenye sahani.

Shemeji alisisitiza kumpigia mama mwenyewe. Alieleza yote, hakuficha hata jogoo. Mama alisikiliza, kisha akauliza, "Zilizozama zinafika kiganja?"

"Zinafika, mama."

"Basi niletee nusu. Panya wametoboa kibuyu changu. Sina hata punje."

Tukazigawa palepale mezani, mafungu mawili ndani ya bahasha. Shemeji aliondoka na basi la kwanza la kushukia Mombo, na fungu la mama akaliweka kwenye mfuko wa shati, si kwenye begi.